Rimu Mbili za Gari la Kwemkole

Marehemu hasemwi vibaya, najua. Nimezaliwa kwenye milima hii na nimezika watu wa kutosha kuijua adabu ya msibani. Lakini mwezi uliopita, tulipomzika Fundi Kaniki upande wa Irente, mzee wa kanisa alisimama kusoma wasifu, akafika mahali akasema kwamba marehemu, kwa busara yake, ndiye aliyechagua zile rimu za Landrova ya Kwemkole zilizookoa mama na mtoto. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, karibu na Singano, aliyekuwa dereva wa gari hilo na sasa ni mzee wa mkongojo. Nikaanza kuinuka. Singano akanigusa kiwiko. "Rehema, waache," akaninong'oneza, "watu wamekuja kuzika." Nikanyamaza mpaka kaburi likajaa, nikala wali wa msiba, nikanawa, nikampa pole mjane. Heshima yake yote nilimpa. Sasa nimerudi kwangu, nina miaka sitini na mbili, na wa kuninyamazisha hayupo. Sisemi mabaya ya marehemu. Nasema mazuri yangu, na asiyetaka kuyasikia hajalazimishwa.

Mwaka wa rimu hizo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifika Lushoto msimu wa plamu, na cheti cha ufundi magari nimekikunja kwenye bahasha, nikaenda moja kwa moja kwenye gereji ya Kaniki, chini kidogo ya soko. Alikisoma cheti mbele na nyuma, akatazama viatu vyangu, akaniuliza kama najua kuandika vizuri. Nikasema najua. Akanikabidhi ufunguo wa stoo. Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi: kwa kukaa ndani ya chumba cha mbao kisicho na dirisha, kinachonuka grisi na mpira, nikiwatolea wanaume nati na boliti kupitia uwazi wa mlango. Makopo ya maziwa ya unga yalijaa rafu zote, kila kopo na aina yake ya nati, na ndani ya miezi miwili niliweza kuzitambua kwa kuzishika tu. Nilimwamkia Kaniki kila asubuhi. Alikuwa fundi kweli, sitaki kumpunja. Angeweza kusikiliza injini toka ng'ambo ya barabara akakwambia silinda ipi imelala. Tatizo lake lilikuwa moja. Akishasema jambo mbele ya watu, harudi nyuma, hata ukimwonyesha shimo analoliendea.

Nilipanga chumba kwa Mama Zaina, mjane aliyekuwa akiwapikia mafundi nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia nguo, na kati yangu na chumba cha kulia chakula palikuwa na ukuta wa mabati tu. Mchana tulikula makande ya Mama Zaina, mahindi na maharage yaliyochemka toka alfajiri, na siku za baridi, ukungu ukishuka mpaka mlangoni, aliyatia tui la nazi iliyopanda kutoka Mombo. Mimi nilikula jikoni pamoja naye. Hakuna aliyenikataza kukaa mezani na wanaume, ila hakuna aliyesogea. Basi nikawa nasikia kila kitu kupitia bati: nani kaharibu gia ya nani, dereva gani anakunywa pombe ya boha kabla ya kushika usukani, na mimi mwenyewe nilivyo. Siku moja nilimsikia Kaniki akisema, "Huyu binti ni mwaminifu. Ataolewa tu, ila ufunguo utabaki." Wakacheka. Mama Zaina akaniongezea makande kwenye sahani bila kuniuliza, nami nikayala yote kwa hasira.

Sasa nilieleze gari lenyewe, maana bila hilo huwezi kuielewa vita yangu. Kwemkole ni kijiji cha juu, saa mbili kwa gari kutoka Lushoto kama njia ni kavu, na wakulima wake walikuwa na Landrova moja ndefu, kuukuu kuliko mimi. Ilishusha kabichi na karoti, ikapandisha sukari, saruji na wagonjwa waliopona. Dereva wake alikuwa Singano, na hakuna gari jingine lililofika Kwemkole, kwa sababu ya daraja. Chini ya kijiji kuna kijito kilichojichimbia bonde jembamba la kutisha, na daraja lake lilikuwa magogo mawili ya mti wa mkulo, kila tairi na gogo lake, katikati pako wazi unaona maji. Wazee walioliweka hawakuwa na futi wala mchoro. Waliileta Landrova yenyewe mpaka ukingoni, wakalaza magogo kwa kufuata tairi zake, kisha wakachukua tezo wakachonga juu ya kila gogo mfereji, kina cha kama vidole viwili, ili tairi ikae humo isiteleze mvua ikinyesha. Daraja lilishonwa kwa kipimo cha gari lile kama fundi cherehani anavyomshonea mtu gauni. Abiria wote walishuka na kuvuka kwa miguu, mmoja mmoja, ndipo Singano avuke na gari tupu.

Nililiona daraja hilo wakati wa masika, Kaniki aliponituma Kwemkole kupeleka fani belti na kuchukua ile mbovu. Singano alipovuka, mimi nilibaki nimechuchumaa kwenye gogo na kipande cha kamba ya katani nilichokikuta garini. Nilifunga fundo usawa wa kingo ya nje ya mfereji wa kushoto, nikainyoosha kamba mpaka kingo ya nje ya mfereji wa kulia, nikafunga fundo la pili. Mvua ilikuwa inaninyeshea mgongoni. Singano akapiga honi, akauliza nafanya nini. Nikamwambia napima. "Unapima ili iweje?" Nilikuwa na tabia ya kupima vitu kwa sababu hakuna aliyeniruhusu kuvifungua. Ile kamba niliitundika stoo, nyuma ya mlango, ikakaa hapo ikakauka.

Baridi ya mwezi wa saba ilipokolea, Singano alishuka na Landrova akasema gurudumu la mbele linagonga. Wakalivua, wakalisafisha, wakakuta rimu imepasuka kuzunguka matundu ya nati, na ya upande wa pili nayo imeanza. Matundu yenyewe yalikuwa yameliwa yakawa marefu kama yai. Rimu ya namna hiyo haichomelewi. Mwenye akili anaitoa. Kaniki akasema gari lisiondoke, na hapo alisema kweli. Kisha akasema atalivisha rimu mpya zote nne, gari lipendeze, akateremka Tanga. Kilichofanya siku hizo ziwe ndefu ni mke wa Singano. Amina alikuwa Kwemkole na mimba iliyobakiza wiki tatu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alishamwambia kwamba safari ya pili asithubutu kujifungulia kijijini. Mpango ulikuwa Singano amlete Lushoto mapema, akae kwa shangazi yake karibu na hospitali. Sasa gari lilikuwa juu ya mawe, na Singano alikuwa akilala gereji kwenye kiti cha mbele.

Kaniki alirudi na rimu nne za alumini zilizotoka kwenye gari jingine, pana, zinang'aa, na tairi zake nene zikiwa juu yake. Gereji nzima ilitoka kuzitazama. Mama Zaina alisimama na mwiko mlangoni, akasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda," akarudi jikoni. Kaniki akaegemeza moja kwenye habu, kile kichwa cha ekseli kinachobeba gurudumu, matundu matano yakaingia kwenye boliti tano kama yamezaliwa pamoja. "Mnaona?" akasema. "Tano kwa tano." Nami nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa stoo, nikaona kitu ambacho wao, kwa furaha yao, hawakukiona. Rimu si matundu tu. Ina sehemu ile bapa inayobanwa na nati, na sehemu hiyo inaweza kukaa katikati ya upana wa rimu, au ndani zaidi, au nje zaidi. Hapo ndipo inapoamuliwa tairi itasimama wapi. Hizi za Kaniki zilikuwa zimechimbika mno. Ukizifunga, tairi inatoka nje ya bodi vidole vitatu kila upande, mbali na ule unene wake. Kwenye barabara ya Mombo hilo ni sifa. Madereva wengi wa hapa wanapenda gari lililotanua miguu, wanasema halianguki kwenye kona, na sina ugomvi nao. Lakini daraja la Kwemkole lilikuwa halijatanua miguu.

"Shikamoo fundi," nilimwambia, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Hizi hazitaingia kwenye mifereji ya daraja."

"Marahaba. Mifereji gani?"

Nikamweleza. Hakuwahi kufika Kwemkole maishani mwake, magari yote yalimfuata yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifuta kwa tabasamu. "Vidole vitatu, binti. Vidole vitatu ni kitu gani kwa gari? Na kama mfereji ni mwembamba, wana matezo huko, wachonge." Nikamwambia mfereji ukitanuliwa kingo ya nje itabaki ganda, na gogo jingine la mkulo halikatwi tena, msitu una walinzi. Akageukia vijana wake, akawaambia, "Fungeni." Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Nati."

Rimu za alumini hazikubali nati za rimu za chuma. Zinataka nati ndefu zenye kikalio bapa, pale nati inapoikalia rimu, na hizo zilikuwa kwenye kopo la tatu, rafu ya chini, ndani ya stoo yangu. Nilirudi nyuma hatua moja, nikavuta mlango, nikafunga kufuli, nikautia ufunguo kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye heshima zake hapeleki mkono. Nikasema sitoi. Mpaka leo sijui sauti ile ilitoka wapi. Kaniki akasema, "Rehema, unajua hapa ni kwa nani?" Nikasema, "Ni kwako, fundi. Na gari ni la Kwemkole." Akasema atavunja kufuli. Mama Zaina akajibu kutoka jikoni, "Vunja, lakini makande ukale kwingine." Hakuvunja. Alikuwa na kiburi cha kutosha kujua kwamba mtu mzima anayevunja kufuli lake mwenyewe mbele ya vijana wake ameshashindwa. Akasema tu kwamba atanisubiri nipate njaa.

Siku hiyo nilikula jikoni na nilikuwa na njaa kweli. Ndipo Singano alipokuja. Kwa kawaida alikuwa mtu wa utani, ananiita mchumba wa makopo. Mchana huo aliinama mlangoni, macho mekundu, akasema, "Mdogo wangu, nipe nati." Nikamwambia, "Kaka Singano, unalijua daraja kuliko mimi." Akasema analijua, atavuka taratibu, amevuka na ukungu, amevuka na matope. Kisha akahamia Kishambaa, lugha ambayo watu wetu wanaitumia wakiwa wamechoka kuchagua maneno, akaniambia kwamba Amina akifa kule juu kwa sababu ya ufunguo ulioko kifuani mwangu, yeye hatanisamehe, na wanawe hawatanisamehe. Hayo hayakupitia kwenye bati. Aliniambia usoni. Nililia, na sioni aibu kusema nililia, kwa sababu alikuwa na haki. Kila siku niliyomchelewesha ilikuwa siku ya Amina. Ningeweza kuwa mimi ndiye mjinga, na mjinga mwenye ufunguo ni mtu wa hatari. Watu wanaposimulia ushujaa wanaruka mahali hapa. Mimi siruki. Nilimkatalia mume wa mwanamke mjamzito, nikamkatalia mara ya pili.

Lakini nilimwambia jambo moja. "Nitatoa nati kumi. Zifungwe rimu mbili tu za mbele, nyuma ziachwe zile za zamani. Nitachora daraja hapo sakafuni. Zikiingia, ufunguo namrudishia fundi na kazi naacha leo leo." Singano akalipeleka neno hilo mezani. Nilimsikia Kaniki akicheka kupitia bati, akasema, "Haya, achore."

Nikaitoa kamba ya katani nyuma ya mlango. Nikachukua chaki, nikachora sakafuni mifereji miwili, mirefu kuliko gari, kutoka fundo mpaka fundo. Vijana wakafunga rimu mbili zinazong'aa, wakashusha jeki, wakalisukuma gari mpaka likakaa juu ya michoro. Tairi za nyuma, zile nyembamba za siku zote, zilikaa ndani ya chaki, na nafasi ya kidole kimoja ikabaki. Za mbele zilikanyaga mstari wa nje na kuuvuka, tairi karibu nusu ikawa nje ya daraja. Hakuna aliyecheka. Kaniki akazunguka, akainama, akaiokota kamba, akaivuta, na hapo akaonyesha kwamba yeye ni fundi. "Ulipima lini?" Nikasema masika. "Mvua ilikuwa inanyesha?" Nikasema ndiyo. Akaiinua ile kamba ili wote waione. "Katani ikilowa inajikunja, ikikauka inarefuka. Sisi ni watu wa Tanga, nani hajui? Kamba yako ni ya uongo. Umechora daraja ambalo halipo."

Alisema kweli, kila mtu wa mkoa huu ameshaona kamba ya nguo ikikaza siku ya mvua. Nilisimama na chaki mkononi, vijana wananitazama, Singano ananitazama. Nikaifikiria ile kamba, nikaifikiria polepole, kama mtu anayehesabu nati gizani. Kisha nikasema, "Fundi, kama imerefuka tangu nilipoipima, basi mafundo haya yameachana zaidi kuliko yalivyokuwa darajani. Daraja lenyewe ni jembamba kuliko hii chaki." Kaniki akaishusha kamba. Nikaongeza, kwa kuwa nilishaanza na sikuona sababu ya kuacha, "Nimekupendelea, fundi. Nimekuchorea daraja pana, na bado hukuingia."

Singano alichuchumaa mbele ya tairi ya kulia, akauweka mkono wake kwenye ile sehemu iliyokuwa nje ya mstari, kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Kati yetu ni yeye pekee aliyekuwa akiendesha juu ya bonde lililoko chini ya sehemu hiyo. Kisha akainuka, akachukua spana, akaanza kufungua nati mwenyewe. Kaniki akamwambia, "Singano, ukimsikiliza huyu, mimi simo. Gari hilo likianguka, jina langu lisitajwe." Alisema hivyo mbele ya watu saba, na wawili kati yao bado wako hai, nao pia walikula wali wa msiba.

Kukataa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupata. Leo vijana wa gereji wananiletea simu yenye picha ya rimu wananiuliza, "Mama, hii itakaa?" Nawaambia hesabuni matundu, kisha yasahauni. Ulizeni tundu la katikati linakaa vizuri kwenye habu, ulizeni kikalio cha nati ni cha namna gani, ulizeni ubapa umekaa wapi, na kabla ya yote ulizeni gari linakwenda wapi. Hayo nilijifunza asubuhi moja upande wa Irente. Nilikumbuka kwamba kwa Mzee Shemdoe, mkulima wa kabichi, kulikuwa na tela la kubebea samadi, na tela lile lilitengenezwa kwa ekseli ya Landrova iliyokufa zamani. Tulikwenda kwa miguu, Singano amebeba ile rimu iliyopasuka kichwani, mimi nimebeba brashi ya waya, spana na kipande cha ubao ulionyooka. Stoo ya gereji nilikuwa nimeshaifunga na ufunguo nimeondoka nao.

Tela lilikuwa limezama kwenye majani, kuku wanatagia chini yake. Tukalivua magurudumu. Nilizisugua rimu mpaka chuma kikaonekana, nikapitisha kidole kwenye kila tundu kutafuta ule urefu wa yai, nikakuta yote ni ya duara bado, maana tela halina injini ya kuyatesa. Nikazigonga kwa spana. Rimu nzima inalia kama kengele, iliyopasuka inakoroma, na hizi mbili zililia. Kisha nikalaza ubao mgongoni mwa rimu yetu ya zamani, toka ukingo mpaka ukingo, nikashusha spana toka ubaoni mpaka kwenye ule ubapa, na kina chake nikakitia ubaoni kwa alama ya kisu. Nikauhamishia ubao kwenye rimu za tela. Alama ilikaa palepale, kwa ya kwanza na kwa ya pili. Mzee Shemdoe alikuwa amesimama na kikombe cha uji, akauliza, "Na tela langu litasimamia nini?" Singano akamweleza habari za Amina, mimba ya pili, upasuaji wa kwanza. Mzee akanywa uji wake wote kabla ya kujibu. "Litasimamia mawe," akasema. "Kabichi hazina uchungu wa kuzaa."

Rimu zile tulizivalisha tairi za zamani siku hiyohiyo, uani kwa Mama Zaina, tukavuka nazo kuzifunga kwenye gari, na nati za zamani zikakaa kwenye vikalio vyake bila ubishi. Asubuhi ya pili Singano akawasha gari, akafungua mlango wa upande wa pili. "Twende," akasema, "wewe ndiye uliyechagua." Tulipofika darajani nilishuka kama abiria yeyote, nikavuka kwa miguu, nikageuka kutazama. Landrova ikaja tupu, ikaingia kwenye mifereji yake, ikapita. Nilijisifu moyoni. Nilijisifu mapema mno.

Kwemkole tulimkuta Amina ameshika mguu wa kitanda. Uchungu ulikuwa umeanza toka alfajiri, kabla ya siku zake. Mkunga wa kijiji, mama mmoja mwenye mikono mikubwa, alitutazama akasema, "Huyu sitamgusa. Ana mshono. Ondokeni naye." Tukamlaza nyuma ya gari kwenye godoro. Mvua nyembamba, ile ya ukungu, ilikuwa imeanza kushuka. Pale darajani Singano akasimamisha gari. Kwa kawaida wagonjwa walivushwa kwa kutembezwa, maana machela hubebwa na wanne, wawili wawili, na gogo lina nafasi ya mguu mmoja. Amina hakuweza kusimama. Singano akaja nyuma, uso umelowa, akanitazama mimi ambaye nilikuwa nimeshaanza kushuka. Hakupaza sauti. "Wewe ndiye uliyechagua," akasema tena. "Panda, umshike."

Niliogopa. Nimeogopa mambo mengi katika maisha haya, lakini woga ule nausikia mpaka leo kwenye nyayo. Kusema jambo ukiwa sakafuni na chaki mkononi ni rahisi. Hapa jambo lilelile lilinitaka nilikalie. Ningeweza kumwambia nitavuka mbele nimwelekeze. Angenikubalia, nadhani. Nikapanda. Nikakaa, nikakilaza kichwa cha Amina mapajani, nikamshika mabega. Alifumbua macho, akaniuliza, "Dada, wanasema zimetoka kwenye tela. Zinatosha?"

"Zinatosha," nikamwambia.

Gari likasogea. Nikahisi tairi ya kushoto ikishuka kwenye mfereji wake, halafu ya kulia, kishindo kidogo kwa kila moja, kisha mngurumo mdogo wa injini inayovuta taratibu, na kupitia ufa wa mlango wa nyuma niliona maji meupe mbali sana chini. Amina alikuwa akinibana kidole mpaka kikafa ganzi, huku anamtukana mumewe kwa Kishambaa, yeye na ukoo wake na Landrova yake. Gari halikuyumba hata upana wa kidole, kwa kuwa halikuwa na pa kuyumbia. Kisha mbele ikainuka, nyuma ikainuka, tukawa kwenye udongo. Tulifika Lushoto mchana, na kabla jua halijazama Amina alikuwa na mtoto wa kike. Mama na mwana walikuwa salama.

Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida. Kaniki alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mlangoni pa stoo. Nikamwamkia. Shikamoo ni ya umri, haichagui mwenye haki. Akaitikia, akanyoosha mkono, na safari hii hakuomba nati. Nikautoa ufunguo nikampa. Alisema mtu wa stoo anayeamua nini kitoke na nini kisitoke si mtu wa stoo tena. Nilipotafakari baadaye, niliona kwamba hata hapo alisema kweli. Nikaaga, nikaenda kwa Mama Zaina, nikakaa kizingitini ng'ambo ya barabara, na kwa siku nne sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilimsaidia kuchambua maharage. Kupitia bati nilimsikia Kaniki akiwasimulia wageni habari za daraja, rimu za tela na ubao wenye alama, na kwenye masimulizi hayo tayari kulikuwa hakuna mimi.

Siku ya tano Landrova ya Kwemkole iliteremka na kabichi. Niliisikia kabla sijaiona. Vijana wa Kaniki wakalifungua geti, kama kawaida. Gari likalipita geti, likavuka barabara, likasimama mbele ya kizingiti cha Mama Zaina, na Singano akatoa kichwa dirishani. "Fundi," akasema, nami nikageuka nyuma kuangalia kama Kaniki amekuja. Hakuwepo. "Springi ya nyuma inapiga kelele," akaendelea. "Nikaona nikuletee."

Sikuwa na jeki, sikuwa na ovaroli, sikuwa na spana hata moja ya kwangu. Nikamwambia azime injini na anipe vifaa vilivyo chini ya kiti. Mama Zaina akaniletea gunia la kulalia. Nikajifunga kanga juu ya suruali, nikalala chali, nikajivuta chini ya gari mpaka kiunoni, na miguu nikaiacha nje barabarani, mahali ambapo Kaniki angeiona vizuri.